Mawimbi ya ubongo yanapopungua kasi: EEG inasema nini, na nini haisemi

Mgonjwa wa ini ameanza kubadilika. Mchana anasinzia, usiku yuko macho. Anavaa shati nje ndani, na ukimuuliza leo ni siku gani anafikiri kwa muda mrefu kisha anakosea. Siku chache baadaye hawatambui wanawe. Hospitali wanampima EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, na karatasi ya majibu inasema mawimbi ya ubongo wake yamepungua kasi kila mahali, kulia na kushoto. Hapo ndipo nyumba inapogawanyika. Shangazi anaelewa kwamba ndugu yake amerukwa na akili. Kaka anaelewa kwamba ubongo umekufa. Jirani ambaye mwanawe aliwahi kupimwa EEG kwa sababu ya kifafa anatangaza kuwa hiki nacho ni kifafa. Na hakosi anayeshauri kwa sauti ya chini kwamba maradhi haya si ya hospitali.

Wote wanne wanataka EEG itaje ugonjwa. Kwa mgonjwa wa aina hii, EEG haitaji ugonjwa. Inapima ubongo umeathirika kwa kiasi gani, na ikirudiwa inaonyesha kama unapata nafuu au unazidi kuzama. Jina la ugonjwa hutoka kwenye damu, kwenye mkojo, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwenye mfuko wa dawa alizokuwa akimeza nyumbani.

Kinachopimwa ni nini

Seli za neva huwasiliana kwa umeme mdogo mno. Maelfu kwa maelfu ya seli zikifanya kazi kwa mpigo mmoja, umeme wao hujumlika na unaweza kunaswa juu ya ngozi ya kichwa. Mhudumu hupima kichwa kwa utepe, hupaka jeli, kisha hubandika vipande vidogo vya chuma vyenye waya, kwa kawaida kama 20 hivi, na mashine huchora mistari kwa dakika 20 au 30. Umeme wenyewe ni makumi tu ya maikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja. Ndiyo maana mgonjwa huombwa asitafune wala kukunja uso: umeme wa misuli ya taya peke yake unatosha kuufunika ule wa ubongo.

Hakuna umeme unaoingizwa kichwani. Watu wengi wanaogopa kipimo hiki kwa sababu wamesikia habari za tiba ya shoti inayotolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa akili, na waya ni waya. Hiyo ni tiba nyingine kabisa. EEG inapokea tu.

Wala haisomi mawazo, ingawa kisa cha kuzaliwa kwake kinachekesha kidogo upande huo. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena, Ujerumani, alianza utafiti wake akiwa na imani kwamba mawazo yanaweza kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Akiwa askari kijana alinusurika ajali ya farasi, na siku hiyohiyo dada yake aliyekuwa mbali alihisi kuwa kaka yake yumo hatarini. Berger alitaka kuipata nguvu iliyosafirisha habari hiyo. Hakuipata. Alichopata mwaka 1924, na kukichapisha mwaka 1929, ni mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu.

Mawimbi hayo hupangwa kwa kasi, yaani mangapi yanapita kwa sekunde moja. Yanayozidi 13 huitwa beta, ya kati ya 8 na 13 ni alfa, ya kati ya 4 na 8 ni theta, na yaliyo chini ya 4 ni delta. Mtu mzima mwenye afya aliyekaa kwa utulivu na kufumba macho huonyesha alfa sehemu ya nyuma ya kichwa, mara nyingi karibu mawimbi 10 kwa sekunde. Akifumbua macho, alfa inafifia. Akifumba, inarudi. Msomaji wa EEG huutafuta mdundo huo kabla ya kitu kingine chochote.

Kumbuka jambo moja kabla hatujaenda mbele: mawimbi ya taratibu si mabaya kwa kuwa ni ya taratibu. Wewe usiku wa leo, ukizama kwenye usingizi mzito, utajaa delta tele. Mtoto mchanga ana mawimbi ya taratibu akiwa macho, na hilo ni la umri wake. Tatizo ni delta kwa mtu mzima ambaye alipaswa kuwa macho, na ambaye ukimtikisa mabega na kumwita jina mistari haibadiliki.

Ubongo mzima, damu mbaya

Metaboli ni kazi ya mwili ya kugeuza chakula na hewa kuwa nguvu, na kuondoa taka zinazobaki. Kazi hiyo ikiharibika kiasi cha kuuyumbisha ubongo, madaktari huita hali hiyo ensefalopathia ya kimetaboli. Ubongo wenyewe haujapasuka mshipa, hauna uvimbe, haujagongwa. Shida iko kwenye damu inayoufikia. Ama imepungukiwa na kitu ambacho ubongo unakihitaji, kama sukari, oksijeni, sodiamu au vitamini B1, ama imejaa kitu kilichopaswa kuwa kimeshaondolewa na ini au figo.

Fikiria nyumba yenye umeme. Balbu ya chumba kimoja ikiungua, giza ni la chumba hicho, kwingine mambo yanaendelea. Kiharusi hufanana na hivyo: mkono mmoja hauinuki, mdomo unakwenda upande, na EEG ikipimwa huonyesha kasoro upande mmoja zaidi. Sasa fikiria jioni ambayo umeme umekuja hafifu. Taa zote zimekuwa nyekundu, pangaboi linazunguka kivivu, friji linaguna bila kuwaka. Hakuna kifaa kilichoharibika, lakini hakuna kinachofanya kazi sawasawa, kuanzia sebuleni hadi jikoni. Ensefalopathia ya kimetaboli ni umeme hafifu, na ndiyo sababu karatasi ya EEG inasema “kila mahali, kulia na kushoto”. Umeme ukirudi, pangaboi linarudi kwenye kasi yake. Ila friji lililolazimishwa kufanya kazi kwa umeme hafifu usiku kucha linaweza kuungua kweli.

Ndiyo sababu pia kipimo cha CT scan kwa mgonjwa wa namna hii huweza kutoka safi kabisa, na familia ikaambiana kwamba “hawajaona kitu”. CT scan inapiga picha ya umbo. Hapa umbo halijaguswa, ni kazi iliyoguswa.

Kwa nini mawimbi yapungue kasi, badala ya kuvurugika ovyo? Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili uliotulia, na hauna ghala la maana la kuhifadhia sukari. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kwenye kazi moja ya kuchosha: kusukuma sodiamu na potasiamu kupitia kuta za seli ili kila neva iwe tayari kurusha ishara inayofuata. Nguvu zikipungua, au taka zikizuia kazi hiyo, kinacholegea mapema ni mawasiliano baina ya seli. Mdundo wa alfa unategemea mazungumzo ya haraka kati ya gamba la ubongo na kiini cha ndani kiitwacho thalamasi. Mazungumzo hayo yakizorota, mdundo unazorota nayo.

Hushuka kwa ngazi. Kwanza alfa ya 10 inakuwa 9, kisha 8, na hapo ndugu wanaona tu kwamba mzee amekuwa mzito wa kujibu. Theta inatawala mtu anapoanza kuchanganyikiwa waziwazi. Delta kubwakubwa huja akiwa amelala muda wote na kuamka kwa shida. Baada ya hapo mistari huacha kuitikia sauti au maumivu, kimo cha mawimbi kinapungua, na mwisho wa ngazi kabisa mistari hunyooka.

Madaktari wawili wa Marekani, George Engel na John Romano, waliionyesha ngazi hii miaka ya 1940. Walilinganisha EEG za wagonjwa waliokuwa wakiweweseka na hali yao ya fahamu, wakaona vitu hivyo viwili vinapanda na kushuka pamoja, na kwamba chanzo kikirekebishwa mawimbi huweza kurudi. Mwaka 1959 waliandika kwamba kuweweseka ni ubongo kushindwa kazi, kwa maana ileile ya moyo kushindwa kazi au figo kushindwa kazi. Kauli hiyo bado haijatufikia vizuri mitaani. Mtu akivimba miguu tunasema moyo umechoka, tunampeleka kliniki. Akianza kuongea yasiyoeleweka tunasema amechanganyikiwa, na wengine wanaanza kunong’ona majina ya wachawi.

Si kila wakati mawimbi hupungua kasi. Mlevi wa muda mrefu aliyeacha pombe ghafla anaweza kuweweseka vibaya huku mawimbi yake yakiwa ya haraka. Homoni za tezi ya shingo zikizidi huongeza kasi, na dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu hujaza beta kwenye karatasi. Kwa msomaji makini, kasi hiyo isiyotarajiwa ni dokezo la maana.

Alama iliyodhaniwa kuwa ya ini

Mwaka 1950, madaktari Foley, Watson na Adams wa Marekani waliripoti mawimbi ya umbo la pekee kwa wagonjwa waliozimia kwa sababu ya ini. Miaka mitano baadaye Bickford na Butt, wa kliniki ya Mayo, waliyapa jina linalotumika hadi leo: mawimbi ya awamu tatu. Mstari unapanda kidogo, unashuka kwa nguvu na kufanya ncha butu, kisha unapanda tena taratibu. Yanajirudia moja au mawili kwa sekunde, makubwa zaidi upande wa paji la uso.

Kwa muda ilionekana kama zawadi: ukiyaona, ini limechoka. Kisha yakaanza kuonekana kwa wagonjwa wa figo, kwa walioshuka sodiamu, kwa waliokosa oksijeni, kwa waliozidiwa na lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, na kwa wagonjwa wa figo waliopewa antibiotiki iitwayo sefepimi bila dozi kupunguzwa. Leo daktari akiyaona anajua tu kwamba pengine anatazama tatizo la metaboli au la dawa. Lipi, atafute kwenye damu.

Tukae kidogo kwenye ini, maana hapo familia nyingi hukwaruzana na wauguzi. Bakteria wa utumbo huvunjavunja protini na kutoa amonia. Ini lenye afya huigeuza amonia kuwa urea, ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Ini lililokauka halifanyi hivyo, au damu ya utumbo inalikwepa kwa njia za pembeni, kama inavyotokea pia kwa baadhi ya watu walioumwa kichocho cha tumbo kwa miaka mingi. Amonia inafika kwenye ubongo, na seli zinazoihudumia neva huibadilisha kuwa glutamini, kisha zinavuta maji na kuvimba. Ndipo anakuja muuguzi na chupa ya laktulosi, sharubati tamu ya kulainisha choo, na ndugu wanashangaa: mgonjwa wa kichwa anapewaje dawa ya kuharisha? Anapewa kwa sababu kichwa chake kinachafuliwa kutoka tumboni. Kufunga choo siku kadhaa, kutapika damu, maambukizi, au dawa ya usingizi iliyotolewa kwa nia njema, chochote kati ya hivyo kinatosha kumzamisha.

Na lile agizo la zamani la kumnyima nyama, samaki na maharage limeshaachwa. Miongozo ya sasa inataka mgonjwa wa ini ale protini ya kutosha, kwa sababu misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na mgonjwa aliyekonda hana misuli.

Kipi kisisubiri EEG

Mitaani tunasema “sukari imempanda kichwani”. Mara nyingi imeshuka. Mzee anayetumia glibenklamidi, dawa ya kisukari, figo zake zimedhoofu, hana hamu ya kula au amefunga, anaamka asubuhi akiongea maneno yasiyofuatana. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikichoka hukaa zaidi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 kwa vipimo vya milimoli kwa lita ni ya chini. Ikishuka chini ya 3, ubongo unaanza kuyumba. EEG yake ingeonyesha theta na delta, sawa kabisa na ya mgonjwa wa ini. Lakini tone moja la damu kwenye kipima sukari linatoa jibu ndani ya dakika, na glukosi ya kwenye mshipa inaweza kumrudisha mgonjwa akiwa bado kwenye machela. Kumsafirisha mtu kwenda hospitali ya rufaa kutafuta EEG kabla ya kupima sukari ni kupoteza ubongo wake njiani.

Vivyo hivyo “malaria imepanda kichwani”. Ndani ya msemo huo mna mambo kadhaa: vimelea vinavyoziba vijishipa vya ubongo, degedege, na sukari iliyoshuka. Sukari chini ya 2.2 ni mojawapo ya alama za malaria kali, na kwinini yenyewe huishusha zaidi kwa kuichochea kongosho kutoa insulini.

Sodiamu ina tabia yake. Ikishuka sana, mawimbi hupungua kasi na degedege huweza kufuata. Lakini kuipandisha haraka mno huweza kuharibu shina la ubongo, hivyo daktari huipandisha kidogokidogo kwa siku kadhaa. Ndugu anayelalamika kuwa dripu inakwenda polepole huenda analalamikia kitu kinachomwokoa mgonjwa wake.

Liko swali moja, hata hivyo, ambalo hakuna kipimo cha damu kinachoweza kulijibu. Mgonjwa amezimia, amelala tuli. Je, ametulia kwa sababu ubongo umechoka, au ubongo uko kwenye kifafa kisichoonekana kwa macho? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima EEG wagonjwa 236 waliokuwa kwenye koma bila dalili yoyote ya degedege. Asilimia 8 walikuwa kwenye kifafa cha kimyakimya kisichokoma. Huku kwetu, watafiti wa Kilifi, Kenya, waliwapima watoto wenye malaria ya ubongo miaka ya 1990, wakakuta baadhi yao wana kifafa ambacho ishara yake pekee ni jicho linalocheza, mate yanayotoka au kidole kinachotikisika.

Kukiona na kukitibu si jambo moja. Jaribio la palepale Kilifi, lililochapishwa mwaka 2000, liliwapa watoto wenye malaria ya ubongo dozi moja ya fenobabito, dawa ya kifafa, ili kuzuia degedege. Degedege zilipungua. Vifo viliongezeka: asilimia 18 kwa waliopewa dawa, 8 kwa wasiopewa.

Mawimbi ya awamu tatu yanaufanya uamuzi kuwa mgumu zaidi, kwa kuwa umbo lake hukaribiana na la kifafa, na ukimchoma mgonjwa dawa ya jamii ya diazepamu yote mawili hufutika kwenye karatasi. Kufutika peke yake hakuthibitishi kitu. Kinachoangaliwa ni kama mgonjwa mwenyewe ameamka.

Kwa kuwa mashine za EEG ziko hospitali chache kubwa, inafaa kujua kwamba daktari wa wilayani hayuko gizani. Humwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele na kukunja viganja kuelekea juu. Viganja vikianguka na kuinuka, vikianguka na kuinuka, hiyo ni alama iliyoelezwa tangu 1949 kwa wagonjwa wa ini, na kama mawimbi ya awamu tatu, huonekana pia kwa wa figo na waliozidiwa na dawa. Anamwambia ahesabu kurudi nyuma, achore nyota. Anapima sukari, malaria, kiasi cha oksijeni, kazi ya ini na figo, sodiamu. EEG ikipatikana inaongezwa juu ya hayo, haichukui nafasi yake.

Nafuu nayo ina mwendo wake. Damu inaweza kuwa safi leo na mgonjwa akaendelea kuchanganyikiwa kwa siku kadhaa, hasa mzee. Wakati mwingine mtu anaongea vizuri na EEG bado ni nzito. Wapo pia ambao hawarudi kama walivyokuwa: sukari iliyokaa chini kwa saa nyingi huua seli za neva, na ukosefu mkali wa vitamini B1 kwa mlevi au mtu aliyetapika kwa wiki nyingi huweza kuacha kumbukumbu iliyoharibika moja kwa moja. Na mistari iliyonyooka haitoshi peke yake kutangaza kifo cha ubongo. Dozi kubwa ya dawa za usingizi, au mwili uliopoa kupita kiasi, huweza kuinyoosha kwa mtu ambaye baadaye ataamka.

Hivyo kabla waya hazijabandikwa, mwambie mhudumu mgonjwa amemeza nini na amechomwa nini tangu jana, pamoja na dawa ya miti shamba na sindano aliyopigwa dukani ili atulie. Aletewe ule mfuko wa dawa, na vifungashio vilivyokwisha pia.